Mkuu wa Shule na Mtihani wa Kiingereza

Katika mikutano ya wazazi, na hata katika jumuiya zetu ndogo ndogo, husikika mara kwa mara hoja kwamba mtu asikabidhiwe uongozi wa shule mpaka kwanza afanye mtihani wa lugha ya Kiingereza na kuushinda. Wanaoitoa hoja hiyo si watu wabaya. Ni wazazi ambao mtoto wao alifaulu vizuri darasa la saba, akaingia kidato cha kwanza kwa furaha, na baada ya miezi michache akawa kama bubu darasani. Wanatafuta wa kumwajibisha, na aliye karibu nao ni mkuu wa shule.

Sisi twaona hoja hii yastahili kupimwa kwa haki, kwa kuwa ndani yake mna kweli na mna uonevu pia.

Kweli yake ni hii. Mitihani ya kidato cha nne, kwa masomo yaliyo mengi, ingali ya Kiingereza. Mkuu wa sekondari asiyeweza kusoma daftari la mwanafunzi wake hawezi kujua kama mwalimu wa Baiolojia anafundisha au ananakilisha tu ubaoni. Akikaa nyuma ya darasa na kusikia watoto wote wakiitikia kwa pamoja, atadhani wameelewa. Mtoto wa mkulima wa mihogo wa Mkinga, ambaye nyumbani husikia Kidigo na Kiswahili, anaye mtu mmoja tu wa kumtetea, naye ni huyo mkuu. Asipoona, nani ataona?

Hata hivyo, tujiulize huyo mkuu wa shule ametoka wapi. Ametoka katika shule hizi hizi. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho kilichofundishia shule za msingi za serikali, na Kiingereza kikaachiwa sekondari. Mwaka 1982 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza kwamba Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza mwaka 1985. Serikali ilikataa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza hali ya Kiingereza katika shule zetu, wakakuta kwamba wanafunzi wengi hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo. La kushangaza, pamoja na kuona hayo, walishauri Kiingereza kiendelee kufundishia, na kikaendelea. Ni vigumu kwetu kuona haki ya kumnyima mtu chakula kwa miaka kumi na kisha kumlaumu kwa kukonda.

Hapa Tanga tunayo kumbukumbu nyingine. Wajerumani walipofungua shule yao ya serikali mjini katika miaka ya 1890, vijana walifundishwa kwa Kiswahili, nao wakawa makarani na walimu. Gazeti la Kiongozi lilichapwa hapa hapa kwa Kiswahili kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Hatuusifu ukoloni kwa kusema hivyo, maana ulikuwa na mijeledi yake. Twasema tu kwamba kazi ya ofisi na ya shule imewahi kuendeshwa katika mkoa huu bila Kiingereza, na haikusimama.

Waamini wanakumbuka habari ya vivuko vya Yordani katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12. Wagileadi walimtaka kila apitaye atamke neno moja, na ulimi wa Mwefraimu haukuweza kulitamka. Walikufa watu 42,000 kwa herufi moja. Mtihani wa lugha waweza kuwa kipimo cha kazi, na waweza kuwa kivuko cha Yordani. Tofauti yake ni kama kinachopimwa chahitajika kweli katika kazi ile.

Basi tuitazame kazi yenyewe. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi inayofundisha kwa Kiswahili hupokea wazazi, husoma hesabu za shule mbele ya kamati, humfuata binti aliyeacha masomo mpaka nyumbani kwao, hupatanisha walimu waliogombana. Yote hayo ni kwa Kiswahili, na mara nyingine kwa Kibondei au Kisambaa. Kumwondoa huyo kwa sababu ya mtihani wa Kiingereza ni uonevu mtupu. Mkuu wa sekondari ni jambo jingine. Yeye apimwe, lakini apimwe kwa kusoma na kuelewa kile wanafunzi wake wanachosoma, si kwa matamshi yake. Na kabla ya kupimwa apewe mafunzo, kwa gharama ya mwajiri na si ya mfuko wake. Tena apimwe pia kama aweza kuwaeleza wazazi mapato na matumizi ya shule kwa Kiswahili kinachoeleweka. Wapo wanaojificha nyuma ya Kiingereza pale hesabu zinapokuwa hazikai sawa.

Kanisa lenyewe lilijifunza jambo hili kwa kuchelewa. Kwa karne nyingi Misa ilikuwa ya Kilatini, na mlei alishika rozari yake akisubiri kengele. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungua mlango mwaka 1963, na leo bibi kizee wa Pangani huitikia sala kwa lugha anayoielewa, wala imani haikupungua.

Viongozi wa walei wengi wamo katika kamati na bodi za shule. Kikao kijacho waulize: je, kidato cha kwanza kilipata kweli yale majuma ya mwanzo ya kujifunza Kiingereza, au yalipita bure? Walimu wa somo hilo ni wangapi? Mtoto akiongea Kiswahili uwanjani huadhibiwa? Na maswali hayo yaanzie katika shule zetu za Kanisa, ambazo nyingine huweka Kiingereza kwenye bango la langoni na kutoza ada ambayo mvuvi wa Kigombe hawezi kuilipa.