Mwalimu wa Kilimo si kibarua wa shule

Tangu mwaka wa 2023, mwanafunzi aingiaye sekondari msingi humu nchini hana budi kusoma Kilimo. Naliunga mkono jambo hilo kwa dhati, hasa nikikumbuka kwamba katika mageuzi ya mtaala ya mwaka wa 2002 somo hili lilipoteza nafasi yake katika shule za msingi, sehemu zake zikachopekwa ndani ya Sayansi. Ila sijasikia wakuu wa elimu wakieleza mwalimu wake atatunzwaje hata asitoroke.

Nayasema haya kwa uchungu kwa kuwa mimi mwenyewe nilitoroka. Nilifundisha Kilimo miaka tisa katika shule moja ya bweni. Kwenye ratiba nilikuwa na vipindi 27 kwa juma, sawa na wenzangu. Ambao hawakuandikwa popote ni ng'ombe watano, sungura, na ekari mbili za mahindi na sukumawiki. Ng'ombe hajui Jumamosi, wala hafungi shule mwezi wa Agosti. Watahiniwa wangu wa KCSE nao walikuwa na mradi wa shambani, ambao ilinibidi niukague hatua baada ya hatua, tangu kulima hadi kuvuna, kisha nipeleke alama kwa Baraza la Mitihani. Mvua ikikosekana, ni mimi niliyetafuta maji.

Mwenzangu wa Kemia alikuwa na maabara na msaidizi wa maabara. Mimi nilikuwa na jembe. Maziwa yalikwenda katika chai ya walimu na mboga jikoni, lakini nilipoomba pesa za dawa ya kupe niliambiwa fungu la Kilimo limekwisha. Sikupata kujua lilianza lini.

Kijana aliyefuzu Egerton, chuo kilichoanzishwa mwaka wa 1939 pale Njoro kikiwa shule ya ukulima, ana ujuzi unaotafutwa na kampuni za mbegu na za dawa za mifugo. Hahitaji kubembelezwa ili aondoke. Tena tusisahau kwamba mwaka wa 2024 walimu wanagenzi wa sekondari msingi, waliokuwa wakilipwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato, waligoma wakidai ajira ya kudumu. Je, anayelipwa hivyo atalinda miche ya shule wakati wa likizo?

Tume ya Huduma za Walimu haina budi kuzihesabu saa za shambani kuwa vipindi vya kazi. Shule nazo ziajiri mtunza shamba kama ziajirivyo msaidizi wa maabara, na mapato ya shamba yarudi shambani kabla ya kufika jikoni. Nyongeza ya mshahara ningeifurahia, lakini nakiri kwamba si mshahara ulionitoa.

Nilipoondoka, vipindi vyangu alipewa mwalimu wa Biolojia, mtu mwenye bidii ambaye hakuwahi kusomea kazi hiyo. Alifundisha ukamaji kwa kuchora kiwele ubaoni. Ng'ombe waliuzwa kabla ya mwaka kwisha.