Mhuri wa mwenyekiti si hati

"Tumeandikishana kwa mwenyekiti." Kwa maneno hayo watu wengi wa Dar es Salaam na Pwani hulala usingizi mnono baada ya kununua kiwanja. Dalali amewapeleka ofisi ya serikali ya mtaa, mashahidi wamesaini, mhuri umegongwa, basi wanaamini ardhi ni yao. Imani hiyo ni potofu, na inawamalizia watu akiba ya maisha.

Mwenyekiti wa mtaa ni kiongozi aliyechaguliwa na wakazi. Rejista ya ardhi haiko kwake. Anaweza kusema anamfahamu muuzaji na kwamba mauziano yamefanyika mbele yake, basi. Kama kiwanja kimewekwa rehani benki, hajui. Kama kwenye mchoro wa mipangomiji pale ni barabara au uwanja wa shule, huenda hajui pia. Mwenyekiti aliyemtangulia anaweza kuwa alimgongea mnunuzi mwingine mhuri uleule, kwa kiwanja hichohicho. Na kwa ardhi yenye hati, umiliki hauhami mpaka uhamisho usajiliwe.

Bado unadaiwa asilimia kumi ya mtaa. Kwa kiwanja cha shilingi milioni 20 hiyo ni milioni 2, mara nyingi bila risiti. Fungua Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999: tozo hiyo haimo. Watu wanailipa wakinung'unika, kisha wakishauriwa watafute wakili wanasema wakili ni ghali!

Dalali simchukii. Anatembea juani kutwa, anawajua wenye mashamba kuanzia Goba hadi Chanika. Lakini analipwa mauziano yakikamilika tu. Mwenye mali akitaka milioni 15, dalali anakutajia 18, na hizo 3 ndizo cha juu chake. Utarajie mtu huyo akwambie "hiki kina kesi, achana nacho"? Ofisini siku ya mauziano kila mtu ana sababu ya kutaka usaini kabla ya jioni. Mnunuzi peke yake ndiye asiye na mtu wake.

Mtu wake ni yule atakayelipwa hata akimshauri asinunue. Wakili akafanye upekuzi kwa msajili wa hati. Mpima aende na ramani akatafute mawe ya mipaka. Kama eneo halijapimwa, ofisi ya mipangomiji ya halmashauri iseme limepangiwa matumizi gani, na majirani waoneshe mipaka. Muuzaji akidai ni mali ya marehemu baba yake, alete barua ya mahakama inayomteua kuwa msimamizi wa mirathi. Kikao cha ukoo pekee hakimpi mamlaka ya kuuza. Na kama ni nyumba ya ndoa, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinataka ridhaa ya mwenzi wake. Mke akijitokeza baada ya fedha kuliwa, mhuri wa mtaa hautamnyamazisha.

Tumezoea kuwalaumu waliotapeliwa kwamba walikimbilia bei rahisi. Hatuwatendei haki. Wengi walifuata utaratibu walioelekezwa ndani ya ofisi ya umma. Halmashauri zibandike tangazo katika kila ofisi ya mtaa, lieleze mwenyekiti anashuhudia nini na hathibitishi nini. Ziandike pia hiyo asilimia kumi inatozwa kwa sheria ipi.