Vitabu vya Mjomba Havikuingia Kwenye Mirathi

MEZA YA MSOMAJI
Na Zubeda Mwinyikombo

Arobaini ya mjomba ilipokwisha tulikaa barazani kwake, Ngamiani, Tanga, kupiga hesabu ya alichoacha. Shehe aliyetusaidia aliandika nyumba, akaandika ekari mbili za michungwa kule Muheza, baiskeli, redio, akafika kwenye kabati la vitabu. Vile vya karatasi havikumpa tabu: alihesabu kwa safu, akaandika, akaendelea. Ndipo binti yake mjomba akatoa kile kifaa cha kusomea, chembamba kama daftari la shule, akakiweka mkekani.

"Na humu vimo vingine, Shehe. Kama mia tatu hivi."

Shehe akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuza mbele na nyuma. Akauliza: "Marehemu alivinunua hivi, au alivikodi?"

Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa na jibu.

Mjomba alikuwa mwalimu wa jiografia, mtu wa kusoma mpaka azimiwe taa. Macho yalipoanza kumtupa mkono, mwanawe aliyeko Muscat alimletea kifaa hicho ili apate kukuza herufi, na kwa miaka sita kila alipopata vijisenti alinunua kitabu. Usiku ule nilikikagua. Vitabu kama arobaini alivyokuwa amevipakua vilifunguka vizuri, na mistari aliyoitia alama ilikuwa mahali pake. Vilivyobaki vilionyesha majalada tu, ya kijivu. Ukikigusa kimoja, unaulizwa nenosiri. Nenosiri alikwenda nalo. Laini ya simu iliyokuwa ikipokea namba za uthibitisho ilikuwa imeshafungwa. Tulimwandikia muuzaji, tukaambatisha cheti cha kifo. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, la adabu kabisa: akaunti ni ya mtu mmoja, haihamishwi kwa mwingine, na kifo hakibadilishi hilo.

Basi Shehe, jibu lako ni hili: alikodi. Alilipa bei ya kununua, akabofya kitufe kilichoandikwa "Nunua", lakini kwenye masharti marefu ambayo hakuna anayeyasoma iliandikwa kwamba anapewa leseni ya kusoma. Kitabu cha karatasi ukikinunua dukani, mwandishi anabaki na haki yake ya kukichapa na wewe unabaki na kitabu chako. Utakiuza, utakiazimisha, utamwachia mwanao. Leseni haina hata kimoja kati ya hivyo.

Huko California wameliona tatizo hili. Sheria iliyosainiwa Septemba 2024 na kuanza kazi tarehe 1 Januari 2025 inamtaka muuzaji anayetumia neno "nunua" kwa bidhaa ya kidijitali amweleze mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Miongoni mwa bidhaa ambazo sheria hiyo imeziacha huru ni ile ambayo mteja anaweza kuipakua ikabaki kwake daima, hata bila intaneti. Mimi naona mpaka umechorwa mahali penyewe. Ukiweza kukishusha kitabu kikakaa mkononi mwako, umenunua.

Na leseni huvunjika. Julai 2009 wasomaji wa Kindle, kifaa cha kusomea vitabu cha Amazon, nchini Marekani walikuta vitabu viwili vya George Orwell vimetoweka kwenye vifaa vyao. Kimoja ni 1984. Cha pili ni kile tunachokijua wengi kwa tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967, Shamba la Wanyama. Amazon ilibaini kwamba aliyeviweka dukani hakuwa na haki ya kuviuza, ikavifuta kutoka mbali na kurudisha pesa. Mwanafunzi mmoja wa sekondari huko Michigan alikuwa akisoma 1984 kwa kazi ya shule; maandishi yake ya pembeni yalibaki yakining'inia bila kitabu. Alikwenda mahakamani, kampuni ikalipa dola 150,000 kuimaliza kesi, na mkuu wake wa wakati huo, Jeff Bezos, alikuwa ameshaomba radhi hadharani.

Miaka kumi baadaye, 2019, Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na mwezi Julai vitabu vikaacha kufunguka. Nitaipa haki yake: wateja walirudishiwa pesa zote, na waliokuwa wameandika maelezo pembeni waliongezewa dola 25. Lakini msomaji aliyekuwa katikati ya sura alibaki na pesa mkononi, kitabu hana. Kisha tarehe 26 Februari 2025 Amazon iliondoa njia iliyomwezesha mteja kushusha kitabu alicholipia kwenye kompyuta na kukihamishia Kindle kwa waya. Kwa msomaji wa kijijini ambako hakuna Wi-Fi, ule waya ndio uliokuwa duka lake.

Sisi wa pwani hatuna sababu ya kulipuuza jambo hili, maana fasihi yetu imefika hapa kwa kunakiliwa. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliondoka duniani mnamo 1840 bila kuchapisha kitabu. Mashairi yake yalibaki vinywani na katika karatasi za watu. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya, mmisionari William Taylor akayaandika kwa msaada wake, na 1940 William Hichens akayatoa kitabuni, Johannesburg. Karatasi za Taylor zimehifadhiwa London, katika chuo cha SOAS. Katika miaka ya 1960 J.W.T. Allen alizunguka pwani akikusanya miswada ya Kiswahili na Kiarabu kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam. Ilikuwa imetunzwa majumbani, na watu waliojua thamani yake. Mlolongo huo wa mikono ungekatika popote kama kila nakala ingehitaji ruhusa ya mtu mmoja aliye mbali.

Niliporudi Dar es Salaam nilianza na daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi sikuwa hata na orodha ya nilichonacho. Nilifungua akaunti zangu moja baada ya nyingine nikaandika: kitabu, mwandishi, nilikonunua, kama faili linashuka au halishuki. Vilikuwa 187, kutoka kwa wauzaji wanne. Vya wauzaji wanaokupa faili lenyewe vilikuwa 71. Vilivyobaki, 116, vimefungwa kwa kufuli la kidijitali, na funguo anazo muuzaji.

Hivyo 71 nilivishusha jioni moja. Watu wengi hudhani ni kazi kubwa kwa sababu hawajaona kitabu hicho ni kitu gani hasa. Faili la EPUB, mtindo uliopitishwa rasmi kuwa kiwango mwaka 2007, ni mfuko tu. Badilisha mwisho wa jina lake kutoka .epub kuwa .zip, mfuko unafunguka: sura za kitabu zimepangwa kama kurasa za tovuti, picha ziko kando, jalada lipo, na kuna kijikaratasi cha utambulisho chenye jina la mwandishi na lugha. Riwaya isiyo na picha mara nyingi haifiki megabaiti mbili. Flashi ya gigabaiti 16, ile ndogo inayouzwa kila kona ya Kariakoo, inameza maelfu. Jioni yangu ile ilikula bando dogo kuliko video ya harusi ya nusu saa.

Kuvipanga nilitumia Calibre, programu ya bure aliyoianzisha Kovid Goyal wa India mwaka 2006. Ukiingiza kitabu, inakitengenezea folda kwa jina la mwandishi, ndani yake folda ya kitabu, na humo linakaa faili lenyewe pamoja na jalada na utambulisho. Hilo la folda ndilo lililonivutia. Siku Calibre yenyewe ikitoweka, vitabu vyangu vitakuwa vimekaa kwenye folda za kawaida ambazo kompyuta yoyote inazisoma, na mtu asiyejua lolote kuhusu programu hiyo atavikuta.

Kisha nikafanya jambo ambalo namsihi kila msomaji asiliruke. Nilizima data, nikazima Wi-Fi, nikafungua vitabu kimoja kimoja kwenye simu ya mdogo wangu, ambayo haijawahi kuingia katika akaunti yangu yoyote. Vitatu vilikataa. Kumbe nilichoshusha kilikuwa kijifaili chenye jina linaloishia .acsm, ambacho hakina hata ukurasa mmoja wa kitabu. Kazi yake ni kwenda kukiomba kitabu kwa muuzaji, na mwenye duka akifunga, hakuna wa kuombwa. Nilivihamishia upande wa vilivyofungwa, na hesabu yangu ikawa 68.

Nakala nimeweka tatu: moja kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje, ya tatu kwenye flashi inayolala nyumba nyingine kabisa, maana mwizi na moto havichagui. Joto na unyevu wa Dar es Salaam haviihurumii flashi, kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu naichomeka na kufungua vitabu viwili vitatu kuona kama bado ni vizima. Kazi hiyo haimalizi robo saa.

Vile vyenye kufuli sikuvivunja. Marekani sheria ya mwaka 1998 inakataza kuvunja kufuli hizo, na nchi nyingi zimefuata njia hiyo hiyo. Sitamwambia msomaji wa gazeti afanye nisichokifanya. Nilipitia orodha nikachagua sita ambavyo sikubali kuvikosa, nikaviagiza kwa karatasi. Viliniuma mfukoni. Tangu hapo, kabla ya kulipa popote, namuuliza muuzaji swali moja: faili nitapewa?

Najua waandishi wenzangu wakifika hapa watasema huyu anawafungulia mlango wezi. Nawaelewa, nami nimeumizwa. Riwaya zetu zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp bila mwandishi kupata hata shilingi, na anayezituma hudhani anatenda wema. Lakini hebu zifungue hizo PDF. Nyingi ya nilizotumiwa mimi ni kitabu cha karatasi kilichopigwa picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, kidole gumba cha mpigaji kikionekana pembeni. Kufuli la kidijitali halikuwahi kumgusa mtu huyo. Linamgusa mjomba, aliyelipa kila senti, na wanawe.

Kuna waliojaribu njia nyingine. Mwaka 2012 wachapishaji wa Tor, wakubwa katika riwaya za sayansi ya kubuni, waliondoa kufuli kwenye vitabu vyao vya kielektroniki. Mwaka mmoja baadaye walisema hawakuona wizi ukiongezeka kwa namna ya kuonekana. Mwaka huo huo wa 2012 vitabu vya Harry Potter vilianza kuuzwa kwenye duka la Pottermore vikiwa na alama iliyofichwa ndani ya faili ya kumtambulisha mnunuzi. Mnunuzi aliweza kunakili atakavyo kwa matumizi yake. Akimwaga mitaani, ilijulikana nakala imetoka kwa nani. Na upande wa hadithi za watoto, African Storybook, wenye hadithi nyingi za Kiswahili, wameruhusu kila mtu kupakua, kuchapa na kugawa, na mwalimu wa Handeni anaweza leo kuzishusha mara moja akazitumia darasani mwaka mzima bila mtandao.

Wachapishaji wetu wa Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar wengi ndio kwanza wanaingia kwenye biashara hii, na hawajafungwa na mkataba wa zamani. Nawaomba jambo moja. Muuzieni msomaji faili la EPUB lenye jina lake ukurasa wa kwanza, kama tulivyozoea kuandika majina yetu kwenye jalada la ndani, na mumwache alitunze. Mimi nitakuwa mteja wenu wa kwanza, na nitalipa bei kamili.

Kwa vitabu vya mjomba hatukuweza mengi. Vile arobaini vinavyofunguka bado vimo kwenye kifaa, ilimradi kisiharibike na asitokee mtoto wa kukirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani. Mimi na binti yake tulikaa usiku wa siku mbili tukipiga picha kila ukurasa wenye maandishi yake, yeye akifunua, mimi nikishika simu. Aliandika kwa ufupi sana, kama mtu anayesahihisha madaftari. Kwenye kitabu kimoja cha msafiri wa Ulaya, kando ya aya inayoueleza Mto Pangani, ameandika: "Si hivyo. Nimefika."

Jumamosi ijayo nakwenda Tanga. Nitabeba bahasha ya kaki yenye flashi mbili na orodha iliyochapwa: vitabu vyangu 68, na picha 214 za maandishi ya mjomba. Flashi moja itakaa kwa binti yake, kwenye kabati, juu ya atlasi. Ya pili nitampelekea Shehe aione.