MANDERA SI SAA MOJA NA NUSU

Kuna watu wanaopenda kupima nchi kwa saa ya ndege. Utawasikia kwenye midahalo yetu wakisema, "Aa, Mandera si mbali bwana! Kutoka Wilson ni saa moja na nusu tu." Husema hivyo hasa wanapowalaumu walimu wanaokataa kwenda kufundisha huko. Mimi siwaungi mkono hata kidogo.

Hebu tupige hesabu pamoja. Weka rula kwenye ramani kutoka Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, hadi kiwanja cha Mandera. Utapata takriban kilomita 800. Ndege ya abiria inayokwenda kilomita 500 kwa saa itachukua saa 1 na dakika 36. Ongeza dakika za kupaa na za kutua, unakaribia saa mbili. Ile ndogo ya injini moja, ambayo mwendo wake ni kama kilomita 300 kwa saa, itakaa angani karibu saa tatu. Sasa hiyo saa moja na nusu ni ya ndege gani?

Tena ndege haijui kona wala mto. Basi hupitia Mwingi, Garissa, Wajir na El Wak, zaidi ya kilomita 1,000, na hapo naomba mvua isiwe imenyesha. Novemba 2023 mafuriko yaliikata barabara karibu na Garissa. Waliokwama pale wangeambiwa Mandera ni saa ngapi?

Lakini jamani, barabara mbovu si kitu mbele ya hofu. Alfajiri ya tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi lilitekwa na Al-Shabaab. Abiria 28 waliuawa, wakiwemo walimu wengi waliokuwa wakienda makwao likizo. Desemba 2015 basi jingine lilishambuliwa karibu na El Wak. Abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na wenzao Wakristo, na mwalimu Salah Farah, mwenyeji wa huko huko, akapigwa risasi. Alifariki Januari 2016. Kisha Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, Garissa, Tume ya Kuajiri Walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka kaskazini mashariki. Wanafunzi walibaki na madawati na vitabu. Nao, ati, hufanya mtihani ule ule tunaofanya sisi!

Maoni yangu ni haya. Mwalimu akipelekwa Mandera, apewe na tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi kila muhula. Najua wapo watakaosema tayari analipwa marupurupu ya mazingira magumu. Naam, hayo ni ya kuishi kule. Ya kufika na kurudi salama je? Serikali haiwezi kuhesabu safari kwa ndege inapompangia mwalimu kazi, halafu ikamwachia nauli ya basi.

Na mwenyeji asiye mwalimu? Huyu ndiye anayenisumbua zaidi, maana tiketi zangu hazimfikii. Yeye na mbuzi wake, na mgonjwa wake, wataendelea kupita El Wak. Kwake yeye dawa ni lami na ulinzi wa njia nzima, si wa mjini peke yake.