Picha Safi Ndani, Jirani Yuko Nje

Wahenga walisema kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Maana yake, likikufika jambo usiku wa manane, wa kukufaa ni yule anayesikia ukuta wako ukigongwa. Nduguyo aliye mbali, hata akikupenda namna gani, atakukuta yamekwisha. Methali hii nimeikumbuka sana kwa sababu ya kitu ambacho wasomaji wengi watashangaa kukisikia katika habari za ujirani, nacho ni televisheni ya picha safi, ile inayoitwa HD, ambayo siku hizi imeingia majumbani mwetu kwa ajili ya mpira.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, mtaa wa Kuze, lakini riziki imeniweka Machakos kwa miaka mingi. Wako wanaodhani kuwa Mswahili akivuka Mariakani amekwisha potea. Wasahau hayo. Machakos ilikuwa kituo cha misafara kutoka pwani kabla Nairobi haijajengwa, na adhana ilisikika huku zamani kuliko filimbi ya gari la moshi. Majirani zangu wengi ni Wakamba, watu wa heshima, na tunasaidiana kwa harusi na kwa misiba.

Katika mwaka wa 1987 nilikuwa bado Mombasa. Wazee wenzangu watakumbuka Michezo ya Afrika Nzima iliyofanywa Nairobi, katika uwanja mpya wa Kasarani, na jinsi timu ya Kenya ilivyofika fainali ya kandanda ikafungwa na Misri bao moja kwa bila. Katika mtaa wetu seti ilikuwa moja. Mwenyewe aliiweka juu ya meza mlangoni, kioo kikaelekea nje, nasi tukajaa barazani mpaka njiani. Picha ilikuwa na chengachenga, na mara kwa mara kijana mmoja alipanda darini kuizungusha antena huku tukimpigia kelele, "Hapo hapo! Rudisha kidogo!" Waliokosa nafasi walitegea masikio redio, kwani enzi hizo watangazaji kama marehemu Leonard Mambo Mbotela walijua kumwonyesha mtu mpira kwa maneno matupu. Misri waliposhinda tulihuzunika pamoja, tukanywa kahawa, tukaenda kusali.

PICHA YENYEWE

Naomba nieleze kidogo hiyo HD ni nini, kwani wengi tunainunua bila ya kuijua. Televisheni tuliyoizoea ilichora picha yake kwa mistari 625, na katika hiyo mistari kama 576 tu ndiyo iliyoonekana kiooni. Hii mpya ina mistari 1,080. Ukihesabu nukta zinazoijenga picha, ile ya zamani katika mfumo wa dijitali ina kiasi cha laki nne, na hii mpya ina zaidi ya milioni mbili. Hapana shaka basi kuwa jicho litaona tofauti. Katika seti ya zamani mpira ukipigwa juu ulipotea, ukabahatisha tu ulikoangukia. Katika hii waona nyasi, waona jasho, na jina la mchezaji mgongoni walisoma bila miwani.

Kazi hii ilianzwa na Wajapani. Shirika lao la utangazaji, NHK, lilianza utafiti wake katika mwaka wa 1964, mwaka wa Olimpiki ya Tokyo. Olimpiki ya Seoul ya 1988 ilipochezwa, Wajapani waliwekewa seti hizo mahali pa watu wengi, wakakusanyika kutazama. Italia nayo ilipoandaa Kombe la Dunia la 1990, picha za namna hiyo zilirushwa kwa setilaiti mpaka katika kumbi za miji kadhaa, watu wakatazama pamoja. Kombe la 2006 kule Ujerumani ndilo la kwanza ambalo mechi zake zote 64 zilipigwa picha kwa mfumo huu.

Nataka msomaji azingatie jambo moja hapo. Picha safi za michezo, zilipoanza, zilikuwa za watu wote. Hata Unguja, televisheni ya rangi ilipoingia mapema katika miaka ya 1970, kabla ya Tanzania Bara kuwa na televisheni yoyote, seti ziliwekwa mitaani watu wakazitazama kwa pamoja. Kitu kilianza barazani, kisha sisi tukakiingiza ndani na kufunga mlango.

KELELE KABLA YA BAO

Mfumo wa zamani ulizimwa Kenya mwanzoni mwa 2015, na mtakumbuka ubishi uliokuwako mahakamani na siku zile ambazo stesheni kubwa zilikuwa kimya. Sisi wa Machakos tulikuwa na taabu yetu nyingine. Mji umezungukwa na vilima, huku Mua na huku Iveti, na mawimbi ya televisheni hayapendi kupanda mlima. Zamani mawimbi yakidhoofika ulipata chengachenga ukavumilia. Dijitali haina uvumilivu huo. Ama picha nzima, ama inakatika vipande vya mraba, kisha kioo cheusi. Kwa hivyo nikanunua dishi, king'amuzi na seti ya HD, nikasema sasa nimepumzika.

Mwezi wa Disemba 2017 Kenya iliandaa Kombe la CECAFA, na fainali ikaletwa Machakos, katika Uwanja wa Kenyatta. Siku ya Jumapili, tarehe 17, waliokutana walikuwa Kenya na Zanzibar. Mtu wa pwani ataelewa moyo wangu ulivyogawanyika. Mwaka huo huo wa 2017 Zanzibar ilikubaliwa kuwa mwanachama kamili wa Shirikisho la Soka la Afrika mwezi wa Machi, na mwezi wa Julai ikaondolewa. Vijana wale walikuja na uchungu wao. Waliifunga Tanzania Bara mabao mawili kwa moja, wakawatoa Uganda katika nusu fainali kwa hesabu hiyo hiyo, na sasa wako mlangoni mwangu.

Nyumba yangu haiko mbali na uwanja. Ningeweza kwenda kwa miguu. Sikwenda. Nilisema, nina HD, ya nini kusukumana? Nikakaa peke yangu kwenye kochi.

Kenya ilipata bao mapema sana. Lakini mimi kabla ya kuliona nililisikia. Uwanja ulinguruma, kelele zikaingia dirishani, nami kwenye kioo changu mpira ulikuwa bado uko katikati. Baada ya sekunde kadhaa ndipo nikaliona bao ambalo mji mzima ulikwisha lishangilia. Yafaa ifahamike kuwa hiyo ndiyo tabia ya dijitali. Picha hupigwa, hukazwa ili ipungue uzito, hupanda mpaka kwenye setilaiti iliyoko kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ardhi, hushuka, kisha king'amuzi huifumua. Yote hayo yana muda wake.

Zanzibar walisawazisha katika dakika za mwisho. Katika muda wa nyongeza Kenya wakatangulia tena, Zanzibar wakasawazisha tena, mbili kwa mbili. Ikaja mikwaju ya penalti, na kipa wa Kenya, Patrick Matasi, akazuia mitatu. Kenya ikachukua kombe kwa penalti tatu kwa mbili. Kila mkwaju niliujua kwa sauti ya uwanja kabla ya kuuona. Nilikuwa na picha safi kuliko mtu yeyote aliyekuwa uwanjani, na nilikuwa wa mwisho kujua. Vijana wa Zanzibar walipolala chini wakilia, hapakuwa na mtu karibu yangu wa kumwambia, "Maskini, wamejitahidi."

PAZIA

Hilo lilikuwa langu mwenyewe, lisingefaa kuandikwa gazetini. La kuandikwa ni hili.

Katika Kombe la Dunia la 2018 kule Urusi, saa zao za Moscow zilikuwa sawa na zetu. Mechi zilichezwa saa tisa alasiri, saa kumi na mbili jioni na saa tatu usiku. Jirani yangu mmoja, mama mjane, ana kijana aliyekuwa darasa la nane wakati huo. Kwao hawakuwa na seti. Kijana alikuwa akija kusimama nje ya dirisha langu, kwa adabu, bila ya kusema neno. Siku ya kwanza nilimwona nikanyamaza. Siku ya pili mwanga wa dirisha ulikuwa unapiga kiooni, picha ikafifia. Nikainuka nikavuta pazia.

Wallahi sikuvuta pazia kwa ajili yake. Nililivuta kwa ajili ya mwanga. Lakini yeye aliyekuwa nje angejuaje?

Hakurudi tena. Baada ya wiki moja mamake alibisha hodi baada ya Isha. Akaniuliza, "Mzee, hujamwona kijana wangu? Nilidhani yuko kwako anatazama mpira." Tulitoka na tochi kumtafuta. Tulimkuta katika ukumbi mmoja wa kutazamia mpira, moshi umejaa, chupa mezani, na watu wazima wanacheza kamari juu ya mechi. Pesa ambazo mamake alimpa za kulipia mtihani alikuwa amekwisha ziweka kwenye kamari hiyo, zimeliwa. Aliponiona aliinamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, babu." Mimi ndiye niliyeona haya.

LA KUFANYA

Wako wenzetu wanaosema kuwa televisheni yote ni upuuzi, na dawa yake ni kuitoa nyumbani. Naheshimu fikira zao, kwani saa zinazopotea mbele ya kioo hazirudi. Wengine husema ni heri kila mtu atazame kwake, tuepukane na kumbi za kamari na ulevi. Hawa nao wana haki, na mimi nilikuwa mmoja wao. Lakini sina budi kuwauliza: huyo asiye na kwake pa kutazamia, atatazamia wapi? Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa siku hizi una king'amuzi na kioo kikubwa kuliko changu. Ukifunga mlango wako, mwenye ukumbi ameufungua wake, na hamdai mtoto salamu wala adabu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alisisitiziwa habari ya jirani mpaka akadhani kuwa jirani atafanywa mrithi. Jirani wa kurithi nyumba tunashindwa kumpa hata kiti cha kutazamia mpira?

Mapendekezo yangu ni madogo. Kwanza, siku ya mechi kubwa mwenye seti na aigeuze kioo kuelekea barazani, kama tulivyofanya 1987. Kioo kikiwa kikubwa chaonekana hata kwa mtu aliye mbali. Weka birika la kahawa, weka na masharti yako: hapana kamari, hapana matusi, na wakati wa sala kioo huzimwa. Mechi ya saa kumi na mbili hukutana na Magharibi kabla ya mapumziko, na ving'amuzi vingi siku hizi vinaweza kurekodi, kwa hivyo udhuru umekwisha. Bao litasubiri, Magharibi haisubiri.

Pili, misikiti na madrasa zenye ukumbi ziwafikirie vijana siku hizo, badala ya kuwakemea Ijumaa na kuwaacha Jumamosi. Tatu, wakubwa wanaouza haki za kutangaza mechi wahakikishe kuwa timu ya taifa inaonekana bure kwa kila mwananchi. Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 limetolewa kwa Kenya, Uganda na Tanzania. Itakuwa aibu kubwa mgeni wa Ulaya ayaone mabao yetu kwa picha safi, na mtoto wa Machakos au wa Kisauni achungulie dirishani.

Kijana wa jirani siku hizi ni fundi wa umeme. Yeye ndiye aliyenifungia waya mrefu ili seti ifike barazani. Mechi ikianza hukaa karibu nami, na mamake huleta chai. Zile pesa za mtihani nilimlipia mwaka ule ule, wala sitaki sifa kwa hilo, kwani lilikuwa deni la pazia.

Ndugu msomaji, tazama dirisha lako kabla ya kukitazama kioo. Wasalaam.