Ukishangilia Kiberiti, Umeshangilia Subaru

Wasee wa Kitengela, leo nitawaudhi. Kijana akishikwa Noonkopir ama Milimani na simu ya wenyewe, swali la kwanza kwa magrupu ya mtaa ni "Tairi iko wapi?" Hakuna anayeuliza anaitwa nani. Hakuna anayeuliza simu yenyewe ni ya nani. Halafu kesho yake watu wale wale wanaposti kwamba serikali iache kuteka vijana.

Bana, chagueni moja. Mwenye anaitisha tairi na mwenye anakuja usiku na Subaru wanaamini kitu kimoja: kwamba mtu anaweza kuhukumiwa bila ushahidi, bila kujitetea na bila jaji, mradi sisi tumeshaamua ni mbaya.

Kumbukeni mwaka wa 2021, hapa hapa kwetu. Mwezi wa Aprili wanaume wanne walipotea baada ya kuonekana mara ya mwisho Kitengela. Miili ya baadhi yao ikapatikana Murang'a, mbali kabisa na Kajiado. Mtandaoni kuna watu walifunga hiyo kesi kwa sentensi moja: "Si walikuwa wezi?" Agosti ilipofika, vijana wengine wanne waliuawa na umati upande wa Isinya, wakishukiwa kuiba mifugo. Familia zao zilisema hawakuwa wezi. Sasa niambie, hizo familia zipeleke utetezi wapi? Umati hauna rufaa. Ukimaliza kazi yake unaenda nyumbani kunywa chai.

Miaka mitatu baadaye ikawa zamu ya wanaharakati. Agosti 19, 2024, baada ya ile miezi ya maandamano ya Mswada wa Fedha, Bob Njagi na ndugu wawili, Jamil na Aslam Longton, walitekwa. Ghafla mtaa mzima ukapenda mahakama. Chama cha Mawakili, LSK, kikaenda kortini. Jaji Lawrence Mugambi akamwita kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi, Gilbert Masengeli, aje aeleze watu wako wapi. Akaitwa mara kadhaa, hakutokea. Septemba 13 jaji akamhukumu kifungo cha miezi 6 kwa kudharau korti. Septemba 20 wale watatu wakaachiliwa, siku 32 tangu wachukuliwe.

Ndiyo, najua Masengeli alijitokeza mwishowe, akaomba radhi, na hukumu ikafutwa. Sijasema korti zetu ni tamu. Lakini kwa hizo siku zote, mahali pekee ambapo mkubwa wa polisi angeweza kulazimishwa kujibu "watu wako wapi?" ni pale pale kortini, mahali ambapo tukimshika mwizi tunasema panachelewesha.

Najua mtanijibu nini. Polisi wanakula hongo, mwizi anatoka kesho asubuhi na anakucheka ukipita. Hiyo hasira naielewa. Mtu wa boda akiibiwa pikipiki ya mkopo, mkopo haumngoji. Mfugaji akiamka akute zizi ni tupu, hiyo ilikuwa karo ya watoto. Lakini kiberiti kimerudisha nini? Maiti haitaji nani hununua simu za wizi. Haitaji mwenye lori lililobeba ng'ombe. Yule tajiri wa juu anawashukuru sana, kwa sababu mmemuulia shahidi bure. Kesho anatafuta kijana mwingine mwenye njaa, na wako wengi.

Mwaka wa 1764 Mwitaliano Cesare Beccaria aliandika kwamba kinachozuia uhalifu ni uhakika wa kushikwa kuliko ukali wa adhabu. Mpaka leo wataalamu wa uhalifu wakipima hilo wazo, kwa sehemu kubwa linasimama. Sisi tumefanya kinyume. Mwizi wa hapa anajua siku nyingi hatashikwa kabisa, ila siku moja mbaya anaweza kuchomwa. Hiyo ni bahati nasibu, na kila anayecheza bahati nasibu anaamini yeye ndiye atapona.

Kwa hivyo tufanye nini? Sheria ya Kenya inakuruhusu wewe raia kumshika mtu aliyefanya uhalifu mkubwa, kisha umkabidhi kwa polisi bila kukawia. Hapo ndipo ruhusa yako inaisha. Ukiongeza jiwe moja, kifungu cha 21 cha Kanuni ya Adhabu kinasema wenye nia moja wamefanya kosa moja. "Mimi nilirusha moja tu" haitakusaidia kwa kesi ya mauaji.

Na usiishie kwa geti la stesheni. Itisha namba ya OB na uihifadhi. Andikisha taarifa. Siku ya kesi, nenda ukatoe ushahidi, kwa sababu kesi isiyo na shahidi inakufa, na hiyo wakati mwingine ndiyo mnaita "polisi wamemwachilia". Katiba inasema mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Afisa akimficha ama akimpiga, peleka malalamiko IPOA, sheria yake iko tangu 2011. Inachosha? Inachosha sana. Kupiga kelele "choma" ni rahisi zaidi, ndiyo maana tunaipenda.

Mtaniita mtetezi wa wezi. Sawa, andikeni. Lakini siku Subaru itasimama kwa geti yenu, utataka mtu mmoja tu hapo mtaani auliza kwa sauti: ushahidi uko wapi? Anza kuliuliza hilo swali sasa, likiwa bado linamhusu mtu usiyempenda.