Usalama wa Ngazi Kazini: Kinga Hutangulia Fidia

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2008, hulipa mafao kwa wanaoumia kazini. Hata hivyo, hakuna malipo yanayorejesha uti wa mgongo uliovunjika. Ndiyo maana Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri kudhibiti hatari kabla ya ajali kutokea.

Ngazi ni mfano ulio wazi. Ikisimama wima mno, humwangusha mpandaji kinyumenyume. Ikilala mno, huteleza. Kanuni ya kitaalamu ni kwamba kwa kila mita 4 za kimo, miguu ya ngazi ikae mita 1 kutoka ukutani, juu ya sakafu imara.

Kazi ya muda mrefu, au inayohitaji mikono yote miwili, hufaa kufanyika juu ya jukwaa. Mfanyakazi ana wajibu wa kufuata maelekezo ya usalama, lakini vifaa huchaguliwa na mwajiri. Kwa hiyo, kabla ya kumlaumu fundi aliyeanguka, mwajiri hana budi kueleza kwa nini alimpa ngazi pasipo jukwaa.